Unga Niliowapa Kuku

Mwanangu alikuwa nyuma ya mlango wa chumba chetu, amesimama kwa ncha za vidole, miguu kaipishanisha, mikono imeng'ang'ania pazia, uso umemwiva. Mara ya kwanza nilipomkuta hivyo nilimpigia kelele. "Wewe! Toka hapo, pazia hilo nimelinunua juzi!" Hakutoka. Alinitazama tu, jasho linamtoka pajini mwa uso. Baada ya muda miguu ikalegea, akashusha pumzi, akaenda zake kucheza. Nikasema watoto wa siku hizi wana vituko.

Alikuwa na miaka minne na nusu, binti yangu, kitinda mimba. Kwa wiki nyingi sikujua kwamba pale nyuma ya mlango alikuwa akizuia choo kisitoke. Nasema sikujua, na nasema kwa aibu, maana mimi ni mama wa watoto watatu, tena ni mpishi. Kila asubuhi hapa Malindi watu huja barazani kwangu kununua mahamri na mbaazi za nazi, na wapo wanaotoka mtaa wa mbali wakapita wapishi wengine wawili njiani. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha habari za chakula, na mdomo wangu huu usio na breki ungemjibu vibaya yeyote ambaye angejaribu.

Hebu nikwambie alivyokuwa akila, maana kesi yote iko hapo. Asubuhi mahamri mawili na chai ya maziwa. Mbaazi aliziacha, nami nikamwachia aziache. Mchana wali mweupe na mchuzi, basi. Jioni sima ya unga wa pakiti, nyeupe, laini, na bilauri ya maziwa. Hapo katikati biskuti, kipande cha mkate, na maziwa tena. Maji aliyanywa akilazimishwa. Mchicha ukionekana sahanini aliutoa kwa vidole viwili kama anatoa mdudu, na mara nyingi nilimtolea mimi kabla hajaanza kulia. Nilijiona namlea vizuri. Nilikuwa nikiwaambia majirani, "Wangu huyu hali vitu vya ovyo," tena kwa majivuno.

Sasa nimlete mavyaa, yaani mama wa mume wangu. Anaishi Vitengeni, ni mkulima, na kila mavuno yakiisha huja kututazama na kikapu kizito. Ndani ya kikapu mna mbaazi kavu, kunde, papai mbili tatu, fungu la majani ya mchunga ambayo wao huyaita mutsunga, na unga. Unga wake ni wa mahindi ya shambani kwake, yamesagwa na ganda lake lote. Haukukobolewa, haukuchekechwa, una rangi, na wishwa, yaani makapi yake, wauona kwa macho.

Unga ule niliupika mara moja tu, kwa ajili ya adabu, alipokuwa amelala kwetu. Niliitafuna sima yake huku natabasamu. Nyumbani nilikolelewa mimi, sima ya namna ile ilikuwa chakula cha mwaka wa njaa, na mama yangu alikuwa akisema kwamba mtu akikupikia sima yenye wishwa amekuona huna maana. Kwa hiyo mavyaa akishaondoka, mimi huukoroga unga wake kwa maji na kuwapa kuku. Nina kuku wachache uani. Walinenepa na wakataga vizuri, na mwanangu ndiye aliyekuwa akinishikia bakuli.

Mwanzoni mavyaa alileta mfuko mmoja. Tangu mwaka juzi akaanza kuleta miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Nikadhani mavuno yamekuwa mazuri, sikuuliza. Hata mwaka jana, jua lilipounguza mashamba yote ya kule, alikuja na miwili vilevile, nikaipokea, nikamwambia ahsante mama. Kuku wakala yote.

Habari ya choo niliijua siku niliyokuwa nafua. Nguo za ndani za mtoto zilikuwa na madoa kila siku, nami nikawa namgombeza, msichana mkubwa hivi hujui kujisafisha? Kisha asubuhi moja nikasikia ukelele chooni, nikakimbia. Yu pale ameinama, anatetemeka, na kilichotoka kilikuwa kigumu na kikubwa hata nikajiuliza kimepitaje kwa mtoto mdogo vile. Nikahesabu siku nyuma. Nilipofika ya sita niliacha kuhesabu.

Mama yangu anakaa mtaa wa pili. Nilipomweleza alinijibu kwa neno moja, "Sanamaki." Kwa watu wetu, tumbo lolote lenye maneno hujibiwa kwa sanamaki. Akayachemsha majani yake, akatia sukari, mtoto akanyweshwa nusu kikombe. Kufika alasiri alikuwa amejikunja mkekani, analia "Mama tumbo, mama tumbo," na mimi nimeshika mikono yake sijui la kufanya. Kila kitu kikatoka, kwa maumivu na kwa fujo. Mama akafurahi. "Si nilikwambia?" akasema, akajifunga buibui lake akarudi kwake.

Lakini tangu siku ile mtoto hakutaka kuona hata mlango wa choo. Nikimshika mkono tukielekea huko hujiangusha sakafuni. Siku zikaanza kuhesabika upya, akarudi nyuma ya mlango na pazia lake. Na siku ya tatu au ya nne hivi, nimemwekea wali anaoupenda, akaisukuma sahani.

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

"Kikiingia kitataka kutoka."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Mtoto wa miaka minne alikuwa amekaa peke yake akapiga hesabu, akaona njia ya kutoumia ni kutokula. Kutwa nzima alikunywa chai tu. Kesho yake akala robo ya hamri. Wiki ikapita namna hiyo, gauni likaanza kumteleza mabegani. Watu wanakula barazani kwangu wanajilamba vidole, na ndani ya nyumba mtoto wa mpishi anakonda kwa hofu. Niliogopa, wallahi. Habari ya choo sasa niliiona ndogo. Kubwa lilikuwa kwamba mwanangu ameamua kuacha kula na mimi sijui nimrudishe vipi.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi alikuwa mama wa bara, Kiswahili chake cha mkato, lakini mikono yake ilikuwa mipole. Alimlaza mtoto, akambonyeza tumbo upande wa kushoto, akanishika mkono na kuuweka palepale.

"Unasikia hapo pagumu? Hicho ni choo kimejaa. Anakula nini?"

Nikamtajia, tena kwa mpangilio, mahamri, wali, sima, maziwa. Akaandika.

"Mboga?"

"Hapendi."

"Matunda?"

"Hapendi."

"Maji?"

Nikaanza kumvisha mtoto viatu. Akaiweka kalamu chini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza, maana ningepata la kumjibu. Akanieleza polepole. Choo kikiwa kigumu humuumiza, akiumia hukizuia, akikizuia hukauka zaidi na kikaja kuumiza zaidi. Yale madoa niliyokuwa nikimgombeza hakuyataka yeye, ni majimaji yanayopenya pembeni ya choo kilichokwama. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Alinipa dawa tamu ya kulainisha choo, akanionyesha kipimo chake. Akasema maziwa yapungue, maji yaongezeke, kila siku mboga, kila siku tunda, papai likipatikana ni zuri sana, na kunde na mbaazi. Baada ya chakula aketishwe chooni kidogo, miguu ikanyage kitu, asikimbizwe wala asikaripiwe.

"Na hiyo sanamaki usimpe tena. Akitapika, tumbo likivimba, au ukiona damu, usingoje kesho, mlete. Haya, unga wa mahindi ambao haujakobolewa, huku kwenu unapatikana?"

Nikakohoa. "Unapatikana."

"Basi muanzie hapo."

Nilirudi nyumbani nikasagisha mahindi kinuni, mazima, na ganda lake. Nikanunua papai na mchicha. Dawa mtoto aliinywa bila shida kwa sababu ni tamu. Kwenye chakula ndipo vita vilipozuka. Nilimpikia mchicha kwa nazi, meno akayafunga. Nilimkatia papai vipande vidogo vidogo nikavipanga sahanini, akavitazama. Nilibembeleza, nikaahidi zawadi, nikapaza sauti. Siku ya nne nikamshika taya nikataka kumtia kijiko kwa nguvu, naye akanitazama kwa macho yaleyale ya nyuma ya mlango. Nikakiacha kijiko kikaanguka. Nikatoka uani nikakaa na kuku wangu, nalia.

Mume wangu ni mtu asiyesema sana. Alikuja akasimama karibu nami, akawatazama kuku, akasema, "Kule kwa mama, Vitengeni, hafanyi hivi."

"Hafanyi nini?"

"Alikaa kule wiki mbili likizo ya Aprili. Alikula kila kitu. Ulisikia mtu akisema hapati choo?"

Sikusikia, kweli. Nilipokwenda kumchukua Aprili ile nililalamika juu ya vumbi kwenye nywele zake, na sikuona kingine. Nikajua papo hapo tuelekee wapi, na nikajua pia ninaona haya kiasi gani. Kumwambia mavyaa kwamba mtoto wa mwanawe hapati choo, hilo ni gumu lakini lasemeka. Kwenda kuomba chakula ambacho miaka yote umewapa kuku, hilo lina uchungu wa peke yake. Lakini mficha uchi hazai. Nikafunga baraza, nikawaambia wateja wiki hii watafute mahamri kwingine, wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Mimi na mtoto tulimkuta mavyaa uani kwake Vitengeni, anapepeta kunde. Mtoto akamkimbilia, "Hawe! Hawe!" maana hivyo ndivyo wanavyomwita bibi huko. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akasema, "Mbona mtoto amekonda?"

Nikaanza kuzunguka. Tumbo lake haliko sawa, mama, halifanyi kazi ipasavyo, tulikwenda kwa muuguzi...

"Hapati choo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi si useme. Kila mwenye mdomo ana na hilo jingine." Akaendelea kupepeta. "Muuguzi amesemaje?"

Nikamsomea yote, kunde, mbaazi, mboga, papai, maji, unga mzima. Kila nilichotaja kilikuwa kimezaa mle shambani mwake au kimekaa katika kikapu alicholeta kwangu mwaka baada ya mwaka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu. Ule unga nilipoutaja nilitazama chini.

"Muuguzi huyo ana akili," akasema. "Dawa yake endelea nayo. Chakula niachie mimi. Na wewe, mtoto akila, usimtazame."

"Nisimtazame?"

"Usimtazame. Macho yako yana kelele."

Ningekuwa na mtu mwingine ningemjibu.

Nilidhani ana ufundi fulani wa upishi, nikakaa tayari kuuiba. Hakuwa na ufundi. Alimpa mtoto kazi ya kuchambua majani ya mchunga, wakakaa wawili mkekani, mtoto akalionja jani bichi akakunja uso kwa uchungu wake, na mavyaa akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Akayapika kwa tui pamoja na kunde kidogo. Akasonga sima ya unga wake. Akapakua sahani moja tu, yake, akaanza kula. Mtoto hakukaribishwa. Mimi nilikuwa nimepewa muhogo wa kumenya na nimeambiwa nigeuke niwape mgongo.

Nikamsikia mavyaa anakula polepole, anasifu chakula chake mwenyewe. "Mmh. Leo nimepika."

Mkeka ukachakarika.

"Hawe, nipe."

"Hii chungu. Ya wakubwa."

"Nipe!"

"Haya, kidogo tu. Usinimalizie."

Nikasikia mtoto anatafuna. Kisha akaomba tena. Kisu kilisimama muhogoni, machozi yakanitiririka, sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa sijamsikia mwanangu akiomba chakula kwa karibu wiki tatu.

Maji nayo hakumlazimisha mtu kunywa. Alikuwa na mtungi kivulini na kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, na mtoto alipenda kuchota. Alichota akamnywesha bibi, akaninywesha mimi, akanywa mwenyewe, akarudi kuchota tena. Alasiri wakaenda kuangua papai kwa fimbo ndefu, wakalipasua palepale, likakamuliwa ndimu. Nilipouliza kwa sauti ndogo kuhusu maziwa ya usiku, mavyaa akasema, "Mbuzi wana watoto wao," na habari ya maziwa ikaishia hapo.

Asubuhi ya pili, baada ya uji wa unga uleule uliotiwa ukwaju, mavyaa akachukua jembe. Akanieleza kwamba choo cha shimo kina kiza, mtoto huogopa kutumbukia, na mwenye hofu hatoi kitu. Akaenda nyuma ya nyumba penye mihogo, akachimba kijishimo, akamchuchumaza mjukuu wake ashike gogo. Yeye akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi hatua chache pembeni, anapukuchua kunde na kumsimulia visa vya sungura. Hakumwambia jikaze wala hakuuliza bado. Kisa kilipokwisha akasema, "Haya, labda kesho," akafukia shimo lisilo na kitu, wakarudi wameshikana mikono.

Asubuhi ya tatu vilevile. Nilikuwa nakufa kwa wasiwasi. Jioni nikamfuata jikoni.

"Mama, afadhali nimrudishe zahanati."

"Tumbo limevimba?"

"La."

"Anatapika?"

"La."

"Anakula?"

"Anakula."

"Na dawa anakunywa. Basi tungoje kesho. Kesho jua likizama hajapata kitu, mimi mwenyewe nitambeba."

Asubuhi ya nne nilikuwa nawasha moto. Uji ulikuwa umekwisha nywewa, wao wawili wako mihogoni, nasikia sauti ya mavyaa kwa mbali, sungura sijui kamdanganya nani. Mara sauti ikakatika. Kisha mwanangu akapiga ukelele, nikakimbia na kuni mkononi.

"Mama! Hakiumi! Mama njoo uone, hakiumi!"

Alikuwa ameshasimama, gauni kalikusanya kifuani, anaonyesha kwa kidole ndani ya shimo. Nami, mwanamke wa mjini ninayeshika pua nikipita penye jaa, niliinama nikatazama. Nikasema mashallah. Nikasema mashallah tena, nikamkumbatia palepale kabla hajasafishwa, nikalia kwa sauti. Mtoto akashangaa, "Mbona unalia, si nimekwambia hakiumi?" Mavyaa akafukia shimo kwa jembe, akalishindilia kwa mguu. "Hongera," akamwambia. "Sasa nenda ukanawe, tukachume mboga."

Tulikaa siku nane. Kesho yake alipata tena, na siku moja akaruka, na iliyofuata akapata. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Dawa aliendelea nayo kwa wiki kadhaa kama muuguzi alivyosema, na nilimpeleka kwake mara mbili akamtazama tumbo, akaipunguza kidogo kidogo. Akila mahamri mfululizo siku mbili tatu kule kwa mama yangu, basi namwona anaanza kulitazama pazia. Sanamaki ya mama yangu niliifungia kabatini, akanuna mwezi mzima, kisha akanunua yake akaiweka kwake. Mimi nyumbani nimejifunza kula kwanza na kugeuza macho. Mbaazi zangu ninazowauzia watu, sasa mtoto anazila, maana mimi huketi naye barazani nikala bakuli langu na kusema usinimalizie.

Lakini nirudi ile siku ya kuondoka Vitengeni. Nilikuwa nimeamka na nia ya kusema ukweli. Usiku kucha nimeyapanga maneno, kwamba mama nisamehe, ule unga wako sikuupika. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami mguu wangu ulikuwa umeota, nikaona ni haki niseme kwa kinywa changu. Nikamkuta uani amekwisha fungasha kikapu. Mbaazi, papai, fungu la mchunga limefungwa kwa kamba ya mnazi. Pembeni mifuko miwili ya unga, mkubwa na mdogo.

"Mama," nikaanza, "nina neno."

Aliinua mfuko mkubwa akaniweka mkononi. "Huu wa mtoto." Akainua mdogo. "Na huu wa kuku."

Ulimi wangu, huu ambao mtaa mzima wanauogopa, ulipata maneno mawili tu.

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe, hata kusema alikuwa hajajua vizuri. 'Hawe, kuku wetu wanapenda unga wako.' Alifurahi sana kunipa habari hiyo."

"Toba," nikasema. "Tangu mwaka juzi wajua? Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza ungekataa kuupokea, na mimi nina mjukuu humo nyumbani." Alisema bila hasira, anakaza fundo la kikapu. "Nikafikiri, nikileta mmoja, wote utakwenda kwa kuku. Nikileta miwili, huenda kuku wakashiba, ukabaki kidogo, ukaingia chunguni."

Mtoto alikuwa ameshauchukua mfuko mdogo, ameukumbatia, anataka aubebe yeye. Nami nikakumbuka mwaka jana. Nikaukumbuka uso wa mavyaa alipofika kwangu na vumbi la njia, na ile mifuko miwili, na mahindi ya kule yalivyokauka yote yakiwa bado machanga.

"Mama, mwaka jana hamkuvuna. Ile miwili uliitoa wapi? Nyinyi mlikula nini?"

Alinitazama kidogo, kisha akageuka.

"Tulikula," akasema, akaenda kuwafungulia mbuzi.